Masikio Yangu Si Madogo

Jumapili, 3 Mei

Kitinda atasoma redioni! Redioni! Jumamosi hii, saa moja asubuhi, taarifa ya habari pamoja na hali ya hewa, mwanzo mpaka mwisho, yeye peke yake! Hata chai sijanywa. Hata kanga sijafunga vizuri. Naandika nyuma ya daftari la vipimo kwa sababu ndilo lililokuwa karibu.

Amepiga simu sasa hivi, kitindamimba wangu. Msomaji wa Jumamosi amekwenda likizo ya uzazi. Wakubwa wa redio wakatazama huku, wakatazama kule, wakamwona mwanangu. Wangemwona nani mwingine?

Nimelia kidogo. Nimejifuta kwa kipande cha bitana. Halafu nimetoka nje nikamwambia muuza mkaa, nikamwambia mwenye genge, nikamwambia mwanamke mmoja aliyekuwa anapita tu na wala simjui. Amenipa hongera. Mtu mwenye malezi.

Niseme ukweli, maana humu hasomi mtu: sauti ile nimeifundisha mimi. Tangu ana miaka sita alikuwa akikaa juu ya marobota ya vitambaa ananisomea daftari hili. "Kifua, arobaini na mbili! Kiuno, arobaini na nne!" Wateja walikuwa wanainamisha vichwa. Mmoja hakurudi tena mpaka leo. Lakini matamshi! Kila herufi ilisimama wima kama askari.

Sasa kuna jambo. Kitinda amesema ataingiza neno langu humo ndani. Neno la kwangu mimi mama yake, katikati ya habari za nchi. Nikilisikia nimwambie ni lipi, ndipo atajua nilikuwa naye. Nimemuuliza ni neno gani. Amekataa katakata. Amecheka tu.

Shida ni chombo cha kusikilizia. Redio yangu ilikufa zamani, sasa natunzia vifungo humo. Simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo ya wanga wa kola za mashati. Ukipigiwa unasikia ukiibana sikioni, lakini spika yake ya nje haitoi hata mkoromo. Redio ya maana mtaani ni moja, ya Mama Spika, jirani yangu wa saluni. Redio kama kabati. Kati yetu kuna ukuta mmoja, na miaka kumi na moja nimekula, nimeshona na nimeugua kwa redio ile.

Habari zikamfikia kabla sijamaliza kuwaambia watu. Akaja mlangoni na kitana kimechomekwa nyweleni. Akasema nisihangaike, nije nisikilizie kwake, ataniwekea kiti. Kiti! Mimi niwe mgeni kwenye sauti ya mwanangu mwenyewe, nakaa kwenye kiti cha kukaushia nywele! Nikamwambia asante sana jirani, mimi nitasikiliza kwa vyombo vyangu. Akauliza vyombo gani hivyo. Nikasema atavisikia.

Sina vyombo.

Nimempigia Kitinda. Amesema nisijali, kesho niende duka la simu nichague hedifoni, zile ndogo zinazoingia ndani ya sikio, yeye atamalizana na mwenye duka. Simu itakamata redio yao vizuri kabisa. Akasisitiza: "Mama, chagua zinazokukaa." Ananiambia mimi habari ya kukaa! Fundi cherehani wa miaka ishirini na sita! Kila mteja anayetoka kwangu na nguo namwambia neno lile lile, haya, vaa kwa raha, na hakuna aliyewahi kurudi kusema hakuvaa kwa raha. Isipokuwa bwana harusi yule. Na yule alinenepa mwenyewe.

Jumatatu, 4 Mei

Duka la simu. Mwenye duka wanamwita Profesa kwa sababu ya miwani, na kwa sababu ukimuuliza bei anaanza na historia.

Akazitandaza juu ya kioo. Za waya, zisizo na waya, nyeusi, nyeupe, nyekundu. Akashauri nichukue zisizo na waya, ndizo za kisasa. Nikamwambia mimi nimeshona maisha yangu yote, najua kitu kisichoshikwa na uzi kinaishia wapi. Kinaishia chini ya cherehani. Nimechagua za waya. Nyekundu. Zinaendana na gauni langu la Jumamosi, na mtu akichungulia dirishani atajua kuna kinachoendelea.

Halafu Profesa akatoa kifuko cha nailoni chenye vipira. Vipira vidogo, vya kati, vikubwa, jozi jozi. Akasema hapo ndipo penye siri yote. Hedifoni iwe ya kifalme, kipira kisipokukaa hupati kitu. Unakiingiza huku unavuta sikio juu kidogo kwa mkono mwingine, unakizungusha, unangoja. Kikikaa, feni ya dukani huisikii tena na sauti inajaa. Halafu unaongea, unapiga miayo, unatafuna kwa uongo. Kikitoka, unabadilisha ukubwa. Tena akasema masikio mawili ya mtu mmoja yanaweza kupishana, usishangae kuvaa kidogo huku na cha kati huku.

Nilikuwa nampenda mpaka hapo.

Akaniangalia masikio. Akayaangalia kama mimi ninavyomwangalia mteja anayesema kiuno chake ni cha mwaka juzi. Kisha mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye vipira vidogo! Nikamuuliza maana yake nini. Akajibu, bila haya, kwamba masikio yangu ni madogo, na la kushoto ndilo dogo zaidi. Mbele ya watu wanne! Mmoja akainama kuniangalia vizuri.

Dada yangu mkubwa aliniita Panya utoto wangu wote kwa sababu ya maneno kama hayo. Sasa ana wajukuu, na bado akipiga simu anauliza, Panya hajambo? Nimekuwa mke wa mtu, mama wa watoto watatu, mmoja wao msomaji wa redio. Panya ananunua hedifoni? Thubutu!

Nikachukua vikubwa, nikavivalisha palepale. Profesa akaniomba nijaribu kwanza. Nikamwambia ndani ya sikio ni chumbani kwa mtu, sijaribu mbele za watu. Akanipa na vile vingine kwenye kifuko, eti huwezi kujua.

Nyumbani. Nimeingiza kushoto, kikatoka. Nimeingiza kulia, kikatoka. Nimeingiza vyote, nikasimama kama sanamu bila kupumua. Vimekaa mpaka nilipohesabu tisa. Hapo Kitinda akapiga simu kuuliza kama zimenikaa. Nikamwambia zimenikaa kama nimezaliwa nazo. Nilipokuwa nasema hivyo, kimoja kilikuwa kinaelea kwenye chai.

Mzee wangu alikuwa anasoma gazeti. Ni mstaafu wa posta, amezoea kupeleka maneno ya wenzake, ya kwake ni machache sana. Akainua macho. "Weka vidogo," akasema, akarudi kwenye gazeti. Mtu anayesema maneno manne kwa siku, na mawili anayapoteza hivyo.

Kifuko cha vidogo nimekitupia ndani ya redio, pamoja na vifungo. Na kifuniko nimefunga.

Jumanne, 5 Mei

Nimepata dawa! Lastiki!

Nimefikiri hivi: sketi ikiwa pana kiunoni, mwenye sketi halaumu kiuno. Anatia lastiki. Nimekata lastiki pana ya kiunoni, nimeizungusha kichwani juu ya masikio na chini ya kidevu, nimeshona kwa mishono miwili. Hedifoni zikabanwa kama zimepigwa misumari. Hazitoki hata ningepiga sarakasi.

Lakini sauti! Kulikuwa na mtu anasoma habari za michezo. Nilimsikia kama anaongea akiwa amejifunika godoro. Neno moja kati ya matatu. Kelele za nje zikawa zinaingia zote, baiskeli, majogoo, redio ya Mama Spika, kwa sababu vile vipira vilikuwa vimesimama mlangoni mwa sikio kama wageni wasiokaribishwa, havikuingia ndani hata kidogo.

Na mtaa ukaanza kunipa pole. Muuza mkaa kanipa pole. Mteja aliyekuja kuchukua sare ya mwanawe kaniangalia ile lastiki, akasema jino ni kitu kibaya sana, usilichezee. Nimempa sare, nimemwambia vaa kwa raha, nikakumbuka mwenye kuvaa hakuwepo. Kufikia mchana Mama Spika akaja na machungwa matano. Ameshasikia jino limenivimbia. Ningemwambia nini, kwamba ndivyo vyombo? Nikashika shavu. Nikasema ndiyo, jino. Akakaa nusu saa nzima akinieleza meno yote ya ukoo wao, na mimi machungwa yananitazama, siwezi kuyala!

Jioni nimevua. Lastiki imeacha mtaro usoni. Kitinda kapiga, kauliza kama nasikia vizuri. Nimemwambia nasikia mpaka pumzi za msomaji.

Jumatano, 6 Mei

Leo masikio nimeyapumzisha, nimetumia akili.

Kwanza nimetangaza. Jumamosi saa moja mtaa mzima ukusanyike mlangoni kwangu. Mimi nitakuwa nasikia moja kwa moja kutoka redioni, ndani ya kichwa changu, na nitawapa habari hapo hapo, neno kwa neno. Watu wamefurahi. Mwenye genge kauliza kwa nini wasiende tu kwenye redio ya saluni. Swali la kitoto.

Lakini limenikaa rohoni. Redio ile ikilia, nani atanisikiliza mimi? Nikaingia saluni. Nikamwambia Mama Spika mapazia yake yamechoka, na kweli yamechoka, moja limeungua kwa pasi ya nywele. Nitamshonea mapya, yenye marinda, kazi yangu bure, mradi Jumamosi saa moja mpaka saa moja na nusu redio yake iwe imezimwa.

Akaacha kusuka. Mteja wake akabaki na nusu kichwa. Akasema mtoto yule amemsuka yeye tangu darasa la tano, kamfunga riboni siku ya mtihani, leo anataka kusoma habari na mimi nataka asimsikie? Nikamwambia atanisikia mimi, sitaruka hata nukta.

Halafu akauliza marinda mangapi.

Nikasema tele! Chini na juu!

Akaapa kwa mashine yake ya kukaushia nywele kwamba Jumamosi ataizima redio. Shingo ikanirefuka. Mzee nilipomweleza aliniangalia kwa macho ya mtu aliyepewa barua isiyo na anwani.

Alhamisi, 7 Mei

Asubuhi alikuja mwalimu mkuu wa shule ya msingi kupimwa suti ya mahafali. Kama kawaida yake, futi ilipomzunguka akavuta tumbo ndani mpaka uso ukabadilika rangi. Nimemsema! Nimemwambia mwalimu, futi haina urafiki na mtu. Ukinidanganya leo nitashona uongo, na siku ya mahafali uongo utapasuka mbele ya wazazi. Akapumua. Tumbo likatoka, tukasalimiana nalo. Nimeandika kipimo cha kweli, akaenda zake mtu mwenye amani. Napenda kuwasaidia watu namna hii.

Alipoondoka nimejipima masikio. Kipimo cha kwanza hakikunifurahisha. Nimepima tena kuanzia nyuma ya sikio, nikizungukia juu. Afadhali. Nimeandika humu: Makubwa.

Basi tatizo ni vipira vya kiwandani. Nani ameona nguo ya dukani inamkaa mtu kama ya fundi? Nimechukua sponji ya mabega ya koti, nimekata vipande viwili, nimevifunika kwa satini nyekundu, nimevivuta kwa uzi vikawa kama vichipukizi vya waridi. Vizuri jamani! Ungeviona ungetaka kuvivaa kanisani au msikitini, popote. Nikavivalisha kwenye hedifoni, nikasukuma.

Vikakaa! Vilikaa! Nikapiga miayo, nikatafuna, nikacheza. Kimya kitupu, ukuta umenyamaza, mtaa umenyamaza.

Na redio imenyamaza. Nilisahau tundu la kupitishia sauti.

Nikavuta nivitoe nitoboe. Cha kulia kikaja chote. Cha kushoto, hedifoni ikaja. Kichipukizi kikabaki ndani.

Nimerukaruka kwa mguu mmoja. Nimelala ubavu nikipiga kichwa kwa kiganja kama mtu aliyetoka kuogelea. Nimejaribu kukishika kwa vidole, kikazidi kwenda nyumbani kwao. Mzee akaja na koleo lake la waya. Nikamwambia akinisogelea napiga kelele. Akaliweka chini. "Zahanati," akasema.

Imefungwa saa hizi. Naandika nikiwa na sikio moja. Kitinda kapiga, nikamweka upande wa kulia. Zimekukaa? Nikasema moja imekaa sana.

Ijumaa, 8 Mei

Zahanati, wa kwanza kwenye benchi. Muuguzi mmoja mwenye mikono baridi akaniinamisha kichwa, akamulika, akamwita mwenzake aje aone. Wakavuta kwa kikoleo chembamba. Kikatoka na satini yake, na uzi wake, hakikufumuka hata mshono mmoja!

Akakigeuzageuza kwenye mwanga. Akauliza nani ameshona. Nikasema mimi hapa. Akauliza kama nashona na sare za wauguzi. Nimeondoka na oda ya sare sita. Waseme sasa kwamba nilikosea.

Ila naye hakuweza kujizuia. Akasema nisiingize tena sponji wala kitambaa, sikio lipumzike leo, na kama ni hedifoni nitumie kipira kidogo kabisa kushoto na cha kati kulia, kwa maana masikio yangu ni madogo. Akasema kwa sauti ya upole, kama mtu anayekupa habari za msiba. Nikamwambia taa yake ndiyo kubwa mno, mbele ya taa kama ile kila sikio litaonekana dogo. Akaandika kwenye cheti hata hivyo. Cheti nimekitia kwenye redio, chini ya vifungo.

Alasiri Kitinda kapiga. Sauti haikuwa ile. Anatetemeka, mwanangu. Amesema amesoma mbele ya kioo mara kumi na kila akifika hali ya hewa ulimi unamgeuka. Nikamwambia afikirie amekaa juu ya marobota ananisomea viuno. Akacheka kidogo. Kisha akasema, Mama, nikijua kweli unanisikia, sitatetemeka. Zimekukaa kweli? Usinidanganye.

Hapo palikuwa pazuri pa kusema.

Nikasema zimenikaa.

Nimefungua redio. Nimetazama kifuko. Vipira vidogo, kimya vimelala kwenye vifungo, vidogo kweli kweli, kama vya mdoli. Nimegusa kimoja. Nimemsikia dada mkubwa waziwazi: Panya!

Nimefunga redio.

Jumamosi, 9 Mei

Niandike taratibu.

Saa kumi na mbili nimeoga, nimevaa gauni jekundu. Nimekaa mahali pangu, kwenye kiti cha cherehani, maana hapo ndipo akili yangu inapotulia. Vipira vikubwa nimevipaka nta ya nyuzi ili vishike. Saa moja kasoro dakika tano mlango umejaa. Muuza mkaa, mwenye genge, mwalimu mkuu, mteja wa sare na mwanawe amevaa sare. Mzee hayupo. Nimemwita, hayupo. Siku ya mwanawe! Nimesema nitashughulika naye baadaye.

Upande wa pili wa ukuta, kimya. Mama Spika ametimiza ahadi. Nikaingiza kushoto, nikaingiza kulia, nikanyanyua mkono watu wanyamaze. Wakanyamaza. Ukapigwa muziki wa habari, nikausikia! Kisha:

"Hujambo msikilizaji, hii ni taarifa ya—"

Kushoto kikatoka.

Nikakirudisha. Kulia kikatoka. Nikabana vyote kwa viganja, sauti ikawa inaingia vipandevipande, waziri sijui nani kafungua sijui nini. Watu wananong'ona, anasemaje, anasemaje? Nikawaambia waziri amefungua kitu kikubwa. Jasho likanitoka. Nta ikayeyuka. Na mimi nikiwa na wasiwasi mguu wangu una tabia yake, miaka ishirini na sita, hauniulizi. Ukakanyaga kanyagio. Gurudumu likazunguka. Waya ukaingia kwenye gurudumu, ukajisokota raundi nne, na hedifoni zikanyofoka masikioni zikaenda chini ya cherehani.

Nikapiga magoti. Kichwa chini ya meza, mikono kwenye vumbi la nyuzi, natafuta. Nikajiambia basi. Neno limepita. Atauliza, nami sitakuwa na la kumjibu. Mwanangu anatetemeka huko na mimi niko chini ya cherehani.

Na ukuta ukaongea.

Wote! Kabati zima! Mama Spika alikuwa ameifungua mpaka mwisho, vioo vinatetemeka, chupa ya mafuta ya cherehani inatembea mezani. Mwongo mkubwa yule! Mwenyezi Mungu ambariki yeye na uongo wake! Nikatambaa mpaka ukutani, nikabandika sikio. La kushoto, lile walilolisema. Na ilikuwa sauti yake. Haikutetemeka. Kila herufi imesimama wima. Akasema mvua zitanyesha upande wa mashariki. Akasema upepo wa wastani. Akasema asubuhi kutakuwa na baridi, "kwa hiyo tafuteni masweta yenu, na mvae kwa raha."

Mvae kwa raha.

Kwa nchi nzima! Mawaziri wamesikia. Neno langu, la hapa kwenye kiti hiki.

Nimelia mbele za watu, sikujali. Nikashika simu nikaandika haraka kwa herufi kubwa: VAA KWA RAHA! NIMESIKIA! Nikatuma. Ndipo, nikiwa bado nimekaa sakafuni, nikasikia kitu kama mbu kutoka kwenye gurudumu la cherehani. Ile hedifoni nyekundu, imesokotwa, inasema kwa kisauti chake, "...na mvae kwa raha."

Mzee akaingia. Ananukia mafuta ya nywele. Alikuwa saluni! Kwenye kiti! Kiti changu! Macho mekundu. Akasimama mbele yangu kama aliyeleta kifurushi cha kusainiwa. "Amesema vaa kwa raha," akasema. Maneno yote manne ya leo. Nikashindwa kumgombeza.

Kitinda kapiga akicheka na kulia. Akasema, Mama, ujumbe wako ulifika mapema mno. Redio ya kwenye simu huchelewa nusu dakika nyuma ya redio ya kawaida. Kama ungekuwa unasikiliza kwa hedifoni, neno lingekuwa halijakufikia. Umelisikia kwa nani?

Nikamwambia masikio makubwa yanawahi.

Amecheka mpaka wenzake huko kazini wamemwambia apunguze sauti.

Kisha Mama Spika akatokeza kichwa dirishani. Akauliza vyombo vimefanya kazi? Nikasema safi kabisa. Nikamkumbusha kiapo chake. Akasema aliapa kuizima, na aliizima, saa moja kamili mbele ya Mzee. Hakuapa kwamba hataiwasha tena. Halafu akashusha sauti, akasema miaka kumi na moja anausikia ukuta huu ukisema vaa kwa raha, kila mteja, kila siku, yeye aliposikia mtoto analisema redioni kitana kilimdondoka mkononi. Akafuta jicho kwa taulo la mteja. Akauliza mapazia lini.

Atapata mapazia yake. Na marinda atayachoka mwenyewe.

Jumapili, 10 Mei

Wamempa Jumamosi zote mpaka yule mama mzazi arudi! Wamesema salamu ile ya mwisho wasikilizaji wameipenda, aiendeleze. Nimemwambia akitaka ninayo mengine, kama lile la kupumua nje ukipimwa.

Nimekaa na kufikiri kwa utulivu, na nimeona kosa lilikuwa wapi. Kosa ni la kiwanda. Vikubwa vyao ni vidogo. Ndiyo maana havishiki! Nimepita kwa Profesa, nimemwomba saizi iliyo juu ya kubwa. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasema haipo. Haipo kwake. Nimekwisha kata sponji mpya, nene zaidi, na safari hii tundu la sauti nimelikumbuka.

Tena haitakuwa hedifoni moja. Kwa nini watu wasimame mlangoni wakiningoja mimi? Profesa atakuja na za kwake, na yule muuguzi wa sare ataleta za kwake, na kila mmoja nitamshonea vipira vya satini. Nimeshapima masikio kumi na matatu. La kumi na nne ni la muuza mkaa, alikimbia baada ya la kwanza. Wote nimewaandika: Makubwa. Mzee nilipompima alisema, "Vidogo." Nimemwandika Makubwa.

Mama Spika nimemtaka Jumamosi redio izimwe, kwa viti vyote vya saluni kushonewa vitambaa vipya. Safari hii nimekuwa mjanja, nimemwapisha kuzima na kutowasha. Ameapa haraka sana, anatabasamu. Nadhani amebadilika.

Dada mkubwa naye nimempigia. Kauliza Panya hajambo. Nimemwambia aje ajionee kwa macho yake ni masikio ya nani hayo. Kitinda akimaliza kusoma atapanda gari aje moja kwa moja, tule pamoja.

Basi ni Jumamosi, tarehe 16, saa moja kasoro robo asubuhi, hapa kwangu, wote, na kila mtu aje ameosha masikio.